Chakula cha Mama Ndicho Uhai wa Yai



Katika bonde letu la Ruzizi, tangu Kamanyola kupita Luvungi hata kushuka Uvira, wako watu waliochimba mabwawa ya samaki kando ya vijito. Wengine walifaulu, wengi walikata tamaa. Ukimwuliza aliyekata tamaa, aghalabu atakujibu hivi: "Maji yalikuwapo, samaki wakubwa walikuwapo, hata mayai niliyaona, lakini wadogo hawakutokea." Akiisha kusema hayo hupunguza sauti, akamtaja jirani yake. Yaani anadhani amerogwa.

Ndiyo sababu nimeona vema kuandika historia hii. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali moja: Kwa nini mtoto wa samaki hufa ndani ya yai, au hufa siku chache tu baada ya kutoka? Watu wa mataifa mengi walilichunguza swali hilo kwa muda wa miaka zaidi ya 200. Jibu lilipopatikana, lilionekana kuwa karibu nasi kuliko tulivyodhani: liko jikoni mwetu.

1. Samaki wa wamonaki

Kufuga samaki si jambo la jana. Wachina husema kwamba bwana mmoja jina lake Fan Li aliandika juu ya ufugaji wa samaki karibu mwaka 475 kabla ya Kristo. Huko Ulaya, katika Zama za Kati, abasia nyingi zilikuwa na mabwawa. Sababu yake twaijua sisi Wakatoliki: siku za Kwaresima na siku za Ijumaa nyama ilikatazwa, na abasia iliyokuwa mbali na bahari ilihitaji samaki. Basi wamonaki wakachimba mabwawa, wakafuga samaki aitwaye karpa.

Husimuliwa kwamba mmonaki mmoja wa abasia ya Réome katika Ufaransa, Dom Pinchon, aliweka mayai ya samaki katika sanduku lenye mchanga, akaliacha maji ya mto yapite ndani yake, ili mayai yaanguliwe salama, mbali na midomo ya samaki wengine. Habari zake ziliandikwa na kuenezwa baadaye sana, katika karne ya 19, kwa hiyo hatuwezi kuapa juu ya kila neno. Lakini jambo lenyewe lilithibitishwa na wengine. Katika miaka ya 1760 Mjerumani Stephan Ludwig Jacobi alitangaza jinsi alivyokamua mayai ya samaki jike, akayachanganya na manii ya dume katika chombo cha maji, na mayai yakapata uhai. Katika miaka ya 1840 mvuvi maskini wa kijiji cha La Bresse katika Ufaransa, Joseph Remy, asiyejua habari za Jacobi, aliona samaki wakipungua mtoni, akalala kando ya mto usiku akiwatazama, na mwisho akavumbua njia ile ile kwa macho yake mwenyewe. Miaka michache baadaye serikali ya Ufaransa ilijenga nyumba kubwa ya kuangulia mayai huko Huningue.

Tazameni kazi ya watu hao. Waliangalia usafi wa maji, baridi na joto, ukungu unaoshika mayai, na adui wanaoyala. Yote hayo ni kweli, na mpaka leo mfugaji asiyeyaangalia atashindwa. Hata hivyo katika kila nyumba ya kuangulia yalikuwako mayai yaliyokufa bila sababu ya kuonekana. Maji yalikuwa safi, ukungu haukuwapo, na bado mayai yaligeuka meupe yakaoza. Mbona hivyo? Walikuwa wamekitengeneza vizuri kitanda cha mtoto, lakini hawakuuliza mama yake alikuwa amekula nini.

2. Kuku wa Java na panya wa Kalifornia

Mwanga wa kwanza haukutoka kwa samaki. Ulitoka kwa kuku. Katika miaka ya 1890, kisiwani Java, mganga Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza ugonjwa uitwao beriberi, unaolegeza miguu na kuua watu wengi. Aliona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana walilegea miguu kama wagonjwa. Walipopewa mchele wenye pumba zake, walipona. Kumbe ndani ya pumba zile, tunazozitupa au kuwapa nguruwe, kulikuwamo kitu cha uhai! Mwaka 1912 Mpolandi Casimir Funk, aliyekuwa akifanya kazi London, akavipa vitu vya namna hii jina ambalo leo kila mtu analijua: vitamini. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Lakini kwa habari yetu, mwaka mkubwa ni 1922. Katika chuo kikuu cha Berkeley, Kalifornia, daktari Herbert Evans na mwenzake bibi Katharine Bishop walikuwa wakilisha panya chakula kilichopimwa vizuri: protini, wanga, mafuta ya nguruwe, madini, na vitamini zote zilizojulikana wakati huo. Panya wakakua, wakanenepa, wakaonekana wazima kabisa. Majike wakashika mimba. Kisha mimba zikafa tumboni, moja baada ya nyingine, zikapotea kana kwamba hazikuwapo.

Fikirini jambo hilo. Mama mzima, mnene, asiye na ugonjwa wowote. Na mtoto anakufa. Wangeweza kusema ni bahati mbaya. Badala yake wakawapa panya wale majani mabichi ya saladi, nazo mimba zikaishi. Baadaye wakawapa kiini cha ngano, yaani ile sehemu ndogo ya punje inayochipua, na mafuta yake. Mimba zikaishi tena. Kitu kile kikaitwa vitamini E. Mwaka 1936 walipofaulu kukitenga peke yake, walimwomba mwalimu wa Kigiriki wa chuo chao akitungie jina. Akakiita tokoferoli, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kuzaa" na "kuchukua": kitu kinachomwezesha mama kuchukua mimba mpaka kuzaa.

Hapo ndipo watu walipofahamu jambo ambalo halikufahamika tangu Dom Pinchon: chakula kinachotosha kumweka mama hai si lazima kitoshe kumweka mtoto hai.

3. Nemo dat quod non habet

Katika seminari tulifundishwa neno la Kilatini: Nemo dat quod non habet, maana yake, hakuna awezaye kutoa asicho nacho. Wanafalsafa hulitumia kwa mambo makubwa. Mimi naona linafaa vizuri sana kwa yai la samaki.

Mtoto wa mnyama anyonyeshaye hulishwa tumboni siku kwa siku. Mama akila leo, mtoto naye hupata leo. Yai la samaki si hivyo. Siku linapotoka tumboni mwa mama, mlango umefungwa. Mtoto atapata hewa kutoka katika maji, lakini chakula chake chote kimo katika kiini cha yai, kama posho ya msafiri aliyefungiwa mzigo wake nyumbani. Kilichosahauliwa hakitapatikana njiani. Ikiwa mama hakuwa na vitamini fulani mwilini, hakuitia katika yai. Na ikiwa haimo katika yai, mtoto ataishi mpaka saa ile anapoihitaji, halafu atakufa.

Wafugaji wa tilapia wanajua ajabu nyingine. Tilapia wa Nile, ambaye ni mwenyeji wa ziwa Kivu, huyachukua mayai yake kinywani. Jike akiisha kutaga na dume kuyarutubisha, huyaokota na kuyaweka mdomoni, akiyageuza-geuza ili yapate maji mapya. Mayai huanguliwa baada ya siku nne au tano hivi, nao wadogo hukaa kinywani siku nyingine zaidi. Wakati huo wote mama hali, au hula kidogo sana. Anafunga, tuseme, kwa ajili ya watoto wake. Basi hawezi kutengeneza katika siku zile kilichokosekana kabla. Kama aliingia katika mfungo huo akiwa na njaa ya mwezi mzima, yeye na watoto wake wote wamekwisha kupata hasara.

Wataalamu wa samaki walichelewa kufika hapo. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Clive McCay aliona kwamba samaki wa kufuga aina ya trauti walikufa wakilishwa chakula kikavu tu, na walipona wakitiliwa ini bichi. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba samaki wakikosa vitamini C uti wa mgongo wao hupinda. Katika miaka ya 1980 Mjapani Takeshi Watanabe na wenzake waliwachunguza samaki wazazi wa baharini, wakaona kwamba ubora wa mayai huinuka au huanguka kwa chakula cha wazazi: vitamini E, na rangi nyekundu iliyomo katika wadudu wadogo wa bahari, ziliongeza wadogo wazima wasio na vilema.

Na mwaka 1986, katika chuo kikuu cha Stirling huko Skotlandi, Soliman, Jauncey na Roberts walitangaza uchunguzi juu ya tilapia wa Msumbiji, ndugu wa karibu wa tilapia wetu. Wazazi wa kundi moja walipewa chakula kilichotiwa vitamini C, wa kundi lingine walinyimwa. Vitamini ile ilitoka kwa mama ikaingia katika mayai. Mayai ya waliopewa yaliangua vizuri zaidi, na wadogo wao waliishi na kukua vizuri zaidi kuliko wa wale walionyimwa.

4. Salmoni waliokufa kwa njaa katikati ya shibe

Ushuhuda mkubwa kuliko yote ulitoka nchi za baridi. Mwaka 1974, katika nyumba za kuangulia za Swideni, wadogo wa salmoni wa bahari ya Baltiki walianza kufa kwa wingi. Mayai yalianguliwa, lakini kabla wadogo hawajamaliza kiini chao walipoteza nguvu, wakaogelea ovyo kama walevi, wakafa. Ugonjwa ukaitwa M74, kwa kuwa ulionekana mwaka ule. Watu wakatafuta sumu katika maji, wakatafuta vijidudu, miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 balaa likazidi sana. Ng'ambo ya bahari, katika Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, wadogo wa trauti na salmoni nao walikufa kwa namna iliyofanana.

Mwaka 1995 Mkanada John Fitzsimons alitangaza jambo jepesi la kushangaza. Wadogo waliokuwa wakifa aliwatia katika maji yenye tiamini, yaani vitamini B1, na wengi wakapona. Tiamini hiyo ni nini? Ni kitu kile kile cha pumba za mchele wa Eijkman! Wazazi wao hawakukosa chakula. Katika maziwa yale walikuwa wakishiba samaki wadogo aina ya alewife, ambao ndani yao mna kitu kinachoharibu tiamini. Mama alikuwa na tumbo lililojaa na yai lililo tupu. Tangu hapo nyumba za kuangulia huwaogesha wadogo au mayai katika maji ya tiamini, au humchoma mama sindano yake kabla ya kutaga.

Basi ndugu zangu, angalieni: katika nchi zenye elimu nyingi na fedha nyingi, watu walikaa miaka 20 wakitafuta adui nje, na kumbe tatizo lilikuwa upungufu ndani. Je, sisi tusiokuwa na hadubini tunafanyaje haraka kumshitaki jirani?

5. Mabwawa ya Kongo

Sasa turudi kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kibelgiji ilitaka watu wa vijijini na wafanyakazi wa migodi wapate kitoweo. Majaribio ya kufuga tilapia yalianza Katanga, na huko Kipopo, karibu na Élisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, kikajengwa kituo cha uchunguzi. Mwaka 1949 mji ule ulipokea mkutano wa Waingereza na Wabelgiji juu ya uvuvi na ufugaji wa samaki katika Afrika. Kenya ilikuwa imekwisha kujaribu tilapia tangu 1924, na kituo cha Sagana kilianzishwa 1948. Uganda ikapata kituo cha Kajjansi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tanganyika nayo ilijaribu Korogwe na Malya.

Kongo ikawapita wote kwa hesabu. Kabla ya uhuru wa 1960 mabwawa yalizidi 100,000, mengi yakiwa madogo ya are chache tu. Huku kwetu Kivu elimu haikukosekana: taasisi ya uchunguzi IRSAC, iliyoanzishwa 1947, ilikuwa na makao Lwiro na kituo cha elimu ya maji Uvira, na huko Lubarika, jirani na Luvungi, INEAC ilichunguza pamba na mazao mengine ya bonde.

Miaka ile ile ilifanyika kazi nyingine iliyobadili mezani petu. Kati ya 1958 na 1960 Mbelgiji André Collart alichukua vifaranga vya ndagala wa ziwa Tanganyika, aina mbili, akavimwaga katika ziwa Kivu. Vilikuwa elfu kadhaa wa kadhaa. Aina moja ilipotea. Ya pili ilishika, ikazaa, ikaenea. Hao ndio sambaza wanaouzwa leo katika masoko ya Bukavu na Goma. Tazameni basi thamani ya mbegu hai: vifaranga vilivyobebwa katika vyombo vya maji vimelisha kizazi baada ya kizazi.

Lakini mabwawa hayakuwa na bahati hiyo. Watu wengi walikuwa wameyachimba kwa amri kuliko kwa mafundisho. Tilapia walizaana ovyo, wakajazana, wakadumaa. Chakula kilikuwa kidogo: majani ya mihogo yaliyotupwa majini, na basi. Uhuru ulipofuatwa na machafuko, na hasa maasi ya 1964 yaliyofika bonde letu na mji wa Uvira, mafundi walikimbia, mabwawa yakaota majani. Baadaye wengine walianza upya, kisha vita vya tangu 1996 vikaharibu tena. Kila mara mtu anaporudi kutoka ukimbizini akachimba bwawa lake, jambo la kwanza linalomkwamisha ni hilo: apate wapi vifaranga? Na akipata samaki wazazi wachache, waliokonda na kudhoofika, hushangaa kwamba hawazai. Au wakizaa, watoto hawaishi.

6. Mchikichi ulioondoka ukarudi

Hapa historia yetu inageuka kwa namna ya kupendeza. Mchikichi ni mti wa Afrika, wa magharibi na wa bonde la Kongo. Mwaka 1848 miche minne ililetwa katika bustani ya Waholanzi ya Buitenzorg, kisiwani Java, mahali panapoitwa leo Bogor. Mwaka 1911 Mbelgiji Adrien Hallet, aliyeujua mchikichi huku Kongo, alianza shamba kubwa Sumatra. Mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likapandwa katika nchi ya Malesia. Uzao wa mti wetu ukaijaza Asia, mpaka leo Indonesia na Malesia ndizo zinazotoa mawese mengi kuliko nchi zote.

Wenye elimu wa Malesia wakauliza: je, mawese yafaa kwa samaki? Huko Penang, katika Universiti Sains Malaysia, bwana Ng Wing-Keong alifanya kazi ya miaka juu ya swali hilo. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Wang walitangaza jaribio juu ya majike wa tilapia wa Nile. Wengine walitiliwa katika chakula mafuta ya samaki, ambayo ni ya bei kubwa. Wengine mafuta ya kitani. Wengine mawese mabichi mekundu, yasiyosafishwa kiwandani. Wale wa mawese ndio waliowapita wengine katika kuzaa.

Sababu yaeleweka kwa yote tuliyokwisha kusema. Mawese mekundu yana vitamini E kwa wingi, ile ile ya panya wa Kalifornia. Na wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yaani kitu ambacho wengine hukinunua katika makopo, mama wa Luvungi anakipima kwa kikombe anapopika sombe!

7. Mambo ya kushika

Sitaki msomaji afunge gazeti hili akidhani kwamba mawese ni dawa ya kila kitu. Kwa hiyo nataja machache, kwa utaratibu.

Kwanza, tenga wazazi. Chagua majike na madume wazuri, wawe na bwawa lao dogo au sehemu iliyozungushiwa wavu. Huwezi kulisha vizuri mia, lakini waweza kulisha vizuri ishirini. Na walishe mapema, majuma kadhaa kabla ya kutaga, kwa maana posho hufungwa kabla ya safari.

Pili, changanya chakula. Pumba za mchele hazikosekani katika bonde la mpunga kama letu, nazo zina tiamini. Ongeza kitu chenye protini: kumbikumbi waliokaushwa, mabaki ya ndagala, mashudu ya karanga. Majani mabichi ya viazi vitamu huleta vitamini C. Lakini vitamini hiyo huharibiwa na moto, jua, na kukaa siku nyingi, kwa hiyo majani yawe mabichi, ya siku ile. Majani ya mihogo yasitiwe mabichi kwa wingi, kwani yana sumu yake.

Tatu, mawese yawe kidogo na mapya. Yachanganye na pumba mpaka ziwe na rangi, zisilowe. Mafuta yaliyochacha hayajengi. Huiharibu vitamini E yenyewe. Na yasichomwe mpaka yakawa meupe, kwa kuwa wekundu ukipotea, karotini imepotea. Chakula kikizidi, kitaoza majini na kuwanyima samaki hewa, na hapo utakuwa umewaua kwa ukarimu.

Nne, usisahau yale ya Remy na Jacobi. Chakula bora hakiponyi maji machafu. Wala hakishindi baridi: tilapia hazai vizuri katika maji yaliyo chini ya digrii 20 na kidogo. Ndiyo sababu bonde letu lina neema kuliko milima ya Bukavu.

Tano, jihadhari na mchuuzi anayekuletea unga wa vitamini katika kikaratasi kisicho na jina wala tarehe. Vitamini ni vitu vya kweli, na zipo nzuri za kununuliwa. Lakini unga uliokaa juani sokoni miezi mingi ni vumbi la bei. Na wako watu wanaosifu kila kitu cha shambani kuwa ni dawa. Mbegu za papai, kwa mfano, zimejaribiwa na wachunguzi, zikaonekana kuwa hupunguza uzazi wa tilapia. Asiyejua atawapa wazazi wake akidhani anawasaidia.

8. Neno la mwisho

Nimeanza kwa kumtaja mtu anayedhani amerogwa. Msimcheke. Hasara yake ni ya kweli: alichimba kwa jembe, watoto wake wanakula ugali na sombe bila kitoweo, na kwashiorkor si neno geni katika zahanati za Kivu. Mtu aliyepata hasara hutafuta sababu, na asipopewa sababu ya kweli atajipatia ya uongo. Sababu ya uongo huleta ugomvi. Ugomvi huleta kushitakiana mbele ya chifu. Na katika nchi yetu tumekwisha kuona jina la mchawi likimwaga damu ya wazee wasio na kosa. Kufundisha ukweli juu ya yai la samaki ni kazi ya amani pia.

Wala jambo hili halikomi bwawani. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watu wengi walikuwa na rovu shingoni, na watoto wengine walizaliwa wamedumaa mwili na akili. Tangu miaka ya 1960 madaktari walichunguza, wakaona kwamba udongo na chakula vilikosa iodini; mama alipotiliwa iodini mapema, mtoto alikingwa. Huko nako laana ilikuwa imetajwa kabla ya upungufu kujulikana. Mtu si samaki. Ana roho isiyokufa, na thamani yake haipimwi kwa kilo. Kwa hiyo, ikiwa tunaona ni busara kumtenga samaki jike na kumlisha vizuri kabla hajataga, je, ni haki gani mume kula ndagala wote na kumwachia mkewe mwenye mimba mchuzi mtupu? Baba za jamaa, tafakarini neno hili jioni mnapoketi mezani.

Mungu aliumba samaki siku ya tano, akawabariki wazae na kuongezeka. Baraka yake haikuondolewa. Ametuachia sisi kazi ya kujua njia zake: kwa kuku wa Java, kwa panya wa Kalifornia, kwa salmoni wa Baltiki, na kwa mti wa mchikichi uliozunguka dunia. Mwenye bwawa lililoota majani asingoje msaada wa mbali. Alisafishe kabla ya mvua, atafute wazazi kumi wenye afya, awalishe mwezi mmodi kwa pumba, kumbikumbi na mawese kidogo, kisha ahesabu vifaranga. Na akipata vingi, ampe jirani yake ndoo moja. Yule yule aliyemshuku.